Taksimu na Ilhamu ya Wapigaji wa Taarabu ya Unguja

Mgeni anayehudhuria taarabu ya Unguja kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kuwa shughuli haijaanza mpaka mwimbaji asimame, kwani bashrafu, yaani muziki wa kufungulia, inapopigwa watu huwa bado wanaingia, wanaamkiana na kutafutiana viti. Lakini wenye kuijua sanaa hii hutega masikio tangu nyuzi zinapotiwa sauti, maana katika kipindi hicho kisichokuwa na maneno ndipo tabia ya mpigaji inapodhihiri.

Bashrafu ni urithi wa Waturuki uliotufikia kwa njia ya Misri. Ina sehemu nne ziitwazo khana, na kila khana hufuatwa na taslimu, nayo ni kipande kile kile kinachorejewa, wala hapana ruhusa ya mtu kuongeza lake ila mapambo madogo madogo. Kuhusu njia hiyo ya Misri, husimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi. Na mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilicho hai hata leo. Kando ya utiifu huo wa bashrafu iko taksimu, nayo ni kinyume chake: mpigaji mmoja huachiwa uwanja, ngoma hunyamaza, wenziwe huteremsha vyombo vyao, naye hutunga papo hapo pasipo karatasi wala mahadhi yaliyoafikiwa.

Uhuru huo una mipaka yake, na mipaka hiyo ni makamu, yaani mpangilio wa sauti ambao muziki hujengwa juu yake. Wimbo unaofuata ukiwa wa makamu ya bayati, haifai mpigaji kuwaandaa watu kwa hijazi kisha akawatupa. Huanza chini, katika sauti za karari, akazizungukia pole pole hata masikio yakazizoea, kisha hupanda kwenye jawabu, huzuru makamu ya jirani kwa muda mfupi kama mtu anayepita kwa nduguye kumjulia hali, na hurejea alikotoka. Asiyejua kurejea, hata vidole vyake viwe vyepesi namna gani, hahesabiwi kuwa fundi.

Ukiwauliza wapigaji ilhamu yao hutoka wapi, wengi hutaja jina la mwalimu, au la Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri ambaye matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalikuwa yakirushwa na redio ya Cairo. Wengine hutaja filamu za Kihindi, na wengine kidumbaki, ambayo fidla yake haina subira ya taksimu bali huwakimbiza wachezaji mpaka jasho liwatoke. Yote hayo ni kweli. Lakini nadhani wanasahau kutaja lililo karibu nao zaidi, kwa kuwa halihesabiwi kuwa muziki, na kulitaja mbele ya masheikh kungezua mjadala usiokwisha: adhana wanayoisikia mara tano kwa siku, kisomo cha Kurani walichofunzwa chuoni kabla hawajashika chombo, na kasida za maulidi. Mtoto aliyelelewa katika sauti hizo huwa amekwisha kuizoea ile robo ya sauti, ambayo piano ya Kizungu haina pa kuiweka, miaka mingi kabla ya kuambiwa kuwa ina jina.

Tazama ada ya mwezi wa Ramadhani. Taarabu husimama, vyombo hufunikwa, na usiku hushikwa na tarawehe. Kisha ikiingia Idi kumbi hufunguliwa na watu huja na nguo mpya, wakinukia udi na asumini. Taksimu za usiku wa Idi ndizo ninazozipenda kuliko zote, wala sidhani kuwa ni kwa sababu ya furaha ya sikukuu peke yake. Mpigaji amekaa mwezi mzima akisikiliza kisomo bila ya kupiga, na masikio yake yamejaa kuliko vidole vyake vinavyoweza kutoa. Basi hupiga kwa utaratibu, akiacha nafasi baina ya kauli na kauli, na nafasi hizo hazimtii hofu.

Mpigaji wa kanuni hasa hustahili kutazamwa kwa karibu. Chombo chake kina nyuzi zaidi ya 70, zilizofungwa tatu tatu kwa kila sauti, na zote tatu lazima ziafikiane. Hewa ya baharini haimsaidii. Huinama juu yake na ufunguo mkononi, akakaza uzi, akaulegeza, akausikiliza. Kisha huvaa zile pete mbili zinazoshika risha kwenye vidole vya shahada na kujaribu kauli fupi kuona kama mambo yametengemaa. Mara nyingi kauli ile ya majaribio, isiyokusudiwa hadhira, humpendeza, akaishika, na ndiyo huwa mlango wa taksimu yake.

Ndivyo nyimbo nyingi zinavyopata utangulizi wake. Kauli iliyozuka ukumbini mtu wa fidla huichukua, kesho yake klabuni huirudia, wenziwe wakaipima na mashairi yanayongoja kutiwa muziki, na baada ya majuma machache huwa ya chama kizima. Mshairi hutajwa, mwimbaji hutunzwa kwa noti mbele ya watu. Aliyeizua kauli ile hatajwi hata jina lake, na wapigaji niliopata kuzungumza nao hawaoni kuwa hilo ni dhulma, maana wao pia wamekwisha kuchukua za wenzao.