Kishikwambi Huzeeka Wapi?

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Iyolwa, wilayani Tororo. Alikuwa na kishikwambi, yaani tableti, kilichojaa masomo, picha na maswali ya mitihani. Siku moja kikaanza kuzimika kabla hata ya saa sita mchana. Wapwa zake wawili wakarukaruka kwa furaha.

"Shangazi, hiki kimekufa! Twende Busia ununue kipya!"

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Basi wakapanda taksi mpaka Busia, mji uliopasuliwa na mpaka: huku Uganda, kule Kenya. Lakini shangazi hakwenda dukani. Alikwenda kwa fundi.

Fundi akakifungua. "Njooni muone, wanangu. Ndani ya betri hii mna lithiamu. Mkichaji, chembe zake huhamia upande mmoja. Mkitumia, hurudi upande wa pili. Kila zinapokwenda na kurudi, chache hunaswa ndani na hazirudi tena. Ni kama jerikeni iliyoingia tope: kwa nje ni ile ile, ila maji inayobeba yamepungua."

Ndivyo ilivyo kwa betri zote za aina hiyo. Kampuni ya Apple husema betri za iPad zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Joto huzidisha uchovu huo, kwa hiyo usikiache kishikwambi juani wala ndani ya gari lililofungwa madirisha.

"Mwalimu," fundi akasema, "kilichochoka ni betri. Nitakuwekea nyingine."

Wapwa wakanuna. Njiani shangazi akawauliza, "Mnamkumbuka karani wa sensa aliyekuja nyumbani Mei 2024? Alishika nini?"

"Kishikwambi!"

"Naam. Jirani zetu Kenya walihesabiwa hivyo hivyo mwaka 2019, na Watanzania mwaka 2022. Tanzania walipomaliza kuhesabu, vishikwambi vya sensa vikagawiwa walimu. Havikutupwa. Kazi moja iliisha, vikapewa nyingine."

Miezi ikapita. Betri ilikuwa nzima, lakini asubuhi moja programu ya masomo ikakataa kufunguka. Kioo kikaandika kwamba mfumo ni wa zamani mno. Shangazi akajaribu kuusasisha; hapakuwa na toleo jipya. Wakarudi kwa fundi, na safari hii fundi akatikisa kichwa.

"Hapa sina dawa. Waliokitengeneza wameacha kukiletea masasisho. Bila masasisho, mianya ya wezi wa mtandaoni haizibwi, na programu mpya zinakikataa."

"Kwa nini wanaacha?" mpwa mdogo akauliza.

Fundi akawasimulia. iPad ya kwanza ilianza kuuzwa Aprili 2010. Ilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani mahali ambapo programu hukaa zinapotumika. iPad 2 ikaja Machi 2011 na megabaiti 512, mara mbili yake. Mifumo mipya ikazidi kuwa mizito. Kufikia Mei 2012 ile ya kwanza ilikuwa imepata sasisho lake la mwisho, lakini iPad 2 iliendelea kusasishwa hata mwaka 2016. Zilipishana kwa umri wa mwaka mmoja tu, ila moja ilikuwa na nafasi ya kupokea yajayo.

"Kwa hiyo, Mwalimu," fundi akamalizia, "unaponunua, rangi na wembamba viache. Uliza kumbukumbu ni kiasi gani, na masasisho yataendelea mpaka lini."

Shangazi akakubali kwamba sasa wakati umefika. Kwanza alinakili masomo na picha zake kwenye kadi ya kumbukumbu, akafungua kila faili kuhakikisha limefika. Dukani akaonyeshwa kishikwambi cha mtumba cha bei nafuu, lakini kilipowashwa kikadai nywila ya mwenyewe wa kwanza. Akakirudisha. Kifaa kilichofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine huweza kukataa kufunguka kabisa, na pengine kimeibwa. Akachagua kingine, akachukua na risiti.

Kile cha zamani akakitoa kwenye akaunti zake na kukifuta chote, ili siri zake zisibaki humo. Kisha akakijaza hadithi alizopakua kutoka African Storybook, maktaba ya bure yenye vitabu vya watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Kuzisoma hakuhitaji intaneti wala mfumo mpya. Akawapa wapwa, kwa sharti moja: siku betri itakapovimba, wasiitoboe, wasiichome, wala wasiitupe shimoni, maana huweza kuwaka moto na moshi wake ni sumu. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za umeme. Nairobi, kwa mfano, kuna WEEE Centre inayofanya kazi hiyo.

Nawe msomaji wangu, siku utakapotamani kipya, taja kwanza kazi moja ambayo cha zamani kimeshindwa kuifanya. Ukiitaja, muulize fundi kama inatengenezeka. Akisema haiwezekani, hapo ndipo uanze kuzungumza na wazazi habari za pesa.