Ekipe zinazohesabu ndege ili kukusanya feza



Mpunga unapoanza kubeba, watoto wanapanda ulingo na debe na mawe, wanafukuza ndege tangu asubuhi mpaka jioni, na wengine wanakosa masomo juu ya hiyo. Kwa mkulima wa mpunga, ndege ni mwizi. Basi tukisikia kwamba huko Marekani kuna watu wanaotoka nyumbani saa sita ya usiku kwenda kutafuta ndege, na kwamba wengine wanatoa feza juu yao, tunacheka kwanza. Sisi pia tulicheka. Lakini ndani ya mchezo huo kuna namna ya kukusanya feza ambayo koperative yoyote inaweza kuielewa, tena kuna swali moja la haki linalotugusa sisi watu wa shamba.

Mchezo uko hivi. Katika jimbo la New Jersey, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, shirika la kulinda ndege la New Jersey Audubon lilianzisha mashindano mwaka 1984. Jina lake ni World Series of Birding. Yanafanyika siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya mwezi wa tano, kwa sababu wakati ule ndege wengi sana wanapita wakitoka kusini kwenda kuzaa kaskazini. Ekipe zinaanza saa sita ya usiku na kumaliza saa sita ya usiku unaofuata. Kazi ni kutambua aina nyingi za ndege kadiri inavyowezekana, kwa macho ao kwa masikio. Ndege mia moja wa aina moja wanahesabiwa kama mmoja. Usiku wanasikiliza bundi na ndege wa majani ya maji, alfajiri wanaingia msituni, mchana wanakimbilia bahari. Kuna ekipe za wanafunzi. Kuna hata ekipe zinazokaa mahali pamoja siku nzima, na hiyo kwetu ndiyo iliyo na akili zaidi, maana mafuta ya gari hayaliwi bure.

Ekipe iliyoshinda mwaka ule wa kwanza ilipata aina 201. Ndani yake alikuwamo mzee Roger Tory Peterson, mwenye miaka 75, yule aliyetoa mwaka 1934 kitabu cha kutambua ndege ambacho Wamarekani wengi walijifunzia.

Sasa feza zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ahadi. Kabla ya siku yenyewe, kila ekipe inazunguka kwa majirani, wafanyabiashara na marafiki. Mtu anaahidi kiasi fulani kwa kila aina itakayopatikana. Tuseme kwa hesabu yetu: mtu ameahidi franga 500 kwa kila aina, na ekipe imepata aina 150. Atalipa franga 75,000. Kama angeombwa franga 75,000 kwa mara moja, angesema hana. Lakini franga 500 hazimuogopeshi, na tena siku nzima anabaki anauliza: wamefika ngapi? Anakuwa mutu wa ekipe bila kutoka nyumbani. Kwa njia hiyo mashindano ya New Jersey yamekusanya mamilioni ya dola tangu yaanze, na kila ekipe inachagua kazi ya kulinda ndege ao mazingira ambayo feza zake zitasaidia.

Mtaona palipo hatari. Kila ndege anayeandikwa kwenye kaye ni deni kwa yule aliyeahidi. Ekipe ikidanganya aina kumi, imemuibia. Na hakuna mwamuzi anayetembea na kila gari usiku kucha. Kwa hiyo sheria inasema ndege aliyeonwa na mtu mmoja peke yake hahesabiwi, hata kama ni fundi namna gani. Karibu ndege wote wa orodha wanapaswa kutambuliwa na wamemba wote wa ekipe, na wale wachache wanaobaki lazima wawe na mashahidi wawili kwa uchache. Wanaojua depo zetu watafahamu mara moja. Karani akipima kahawa peke yake, bila mkulima kuona mshale wa mizani, hata kama amepima sawasawa maneno yataanza.

Mashindano ya namna hii si ya Wamarekani peke yao. Jirani zetu wa Kenya, mwezi wa kumi na moja mwaka 1986, walikuwa na siku zao za kuhesabu, na watu watatu walipata aina 342 kwa masaa 24. Ilikuwa rekodi kubwa kabisa wakati ule. Mwaka 2015 huko Ecuador watu wane walifikia 431. Sisi Wakongomani tuna aina zaidi ya 1,100 katika inchi yetu, na zaidi ya 700 ndani ya Hifadhi ya Virunga peke yake. Kuna pia mashindano ya Eilat, kusini mwa Israeli, yaliyoanza mwaka 2014. Pale ndege wanaotoka Afrika kwenda Ulaya na Asia wanapita kwa wingi. Feza zilizokusanywa zilipelekwa kwenye inchi ambapo ndege wa safari wanauawa. Mwaka wa kwanza ilikuwa Georgia, wanakopigwa risasi kipanga na tai. Tena kuna zawadi ya pekee kwa ekipe iliyowasaidia wenzake zaidi kwa kuwaonyesha ndege walipo. Sisi wa koperative tunaipenda zawadi hiyo kuliko ile ya hesabu kubwa.

Turudi New Jersey, maana lile swali la haki liko pale pale, kwenye ghuba ya Delaware. Mwezi wa tano anatua pale ndege mdogo mwenye kifua chekundu, anaitwa red knot. Anatoka mwisho wa Amerika ya Kusini na anaenda kuzaa kwenye baridi ya kaskazini mwa Canada. Anafika amekonda. Anakula mayai ya mnyama wa bahari mwenye gamba gumu lenye umbo la kwato ya farasi, ambaye anataga kwenye mchanga wakati ule ule, na kwa muda wa juma mbili hivi uzito wake unakaribia kuwa mara mbili. Mapema katika miaka ya 1980 walihesabiwa karibu 90,000 kwenye ghuba hiyo. Miaka ishirini na kitu baadaye hawakufika 20,000. Sababu moja kubwa: wavuvi walikuwa wanakusanya wale wanyama wa gamba kwa wingi sana na kuwakata chambo, na mayai yakapungua.

Mwaka 2008 New Jersey ilikataza kabisa kuwavua. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ikamuandika red knot kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Sawa. Bila kuhesabu mwaka kwa mwaka, hakuna ambaye angejua. Lakini tuangalie nani aliyelipa. Mwenye darubini hakulipa chochote siku ile ya katazo; aliyelipa ni mvuvi aliyepoteza chambo chake. Hatusemi katazo lilikuwa baya. Tunasema feza za kulinda ndege zikisahau mtu huyo, kesho atakuwa adui wa ndege na wa shirika.

Dawa moja ilipatikana, nayo ilikuwa rahisi. Kwenye pwani hiyo hiyo, upande wa Virginia, wavuvi walipewa bure mifuko ya wavu ya kutia chambo. Chambo kikiwa ndani ya mfuko hakiliwi haraka na samaki wengine, kinakaa muda mrefu, na mvuvi anatumia nusu tu ya kile alichotumia zamani. Ndege amepata mayai yake, mvuvi hakuacha kazi.

Kwa hiyo watu wakija kwenye bonde lenu na darubini na kaye, muwapokee vizuri, na muwaulize mambo mawili: feza za hesabu hii zinaenda wapi, na ndani yake kuna kitu gani cha mkulima? Nyavu za kufunika kitalu cha mpunga ni kitu. Karo ya shule ya mtoto anayeshuka kwenye ulingo ni kitu. Nanyi muwaonyeshe bundi wa kwenye ghala anayekula panya, ambaye wengi wetu tungali tunamuua juu ya kumuogopa, na mbayuwayu wanaofika kila mwaka kutoka Ulaya na kukamata wadudu juu ya mashamba.

Koperative ikitaka kujaribu yenyewe, haihitaji kungoja mgeni. Tangu 2015 kuna siku ya kuhesabu ndege dunia nzima, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, na mtu yeyote anaingia bila kulipa. Ekipe ya watu wane, kaye moja, darubini moja ya kuazima. Watoto wa ulingo waingizwe kwanza kwenye ekipe, maana wao wanajua sauti za ndege kutushinda sisi wenye diplome. Ahadi ziandikwe mbele ya siku, na komite itangaze mapema feza zitafanya nini: miche ya miti ya kando ya mto, ao nyavu za kitalu. Jioni orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote walioahidi, na kila ndege atajwe pamoja na majina ya mashahidi wake wawili.