Rubani Anapoghafilika: Funzo Kutoka Angani



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kwa sisi wakazi wa Temeke, hasa tulio jirani na Yombo, mlio wa ndege ni jambo la kila siku. Ndege inaposhuka kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, darasa zima hugeuza shingo dirishani, na msahafu hubaki wazi bila msomaji. Wengi wenu mmetuambia kuwa mnataka kuwa marubani. Basi katika makala hii tutaeleza jambo moja ambalo kila rubani hufundishwa: namna kitu kidogo kinavyoweza kuiteka akili ya mtu mwenye ujuzi mkubwa, akasahau kazi yake iliyo kubwa zaidi.

Taa moja iliyoungua

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern la Marekani ilikuwa ikikaribia kutua mjini Miami ikitokea New York, ikiwa na watu 176. Marubani waliteremsha magurudumu, lakini taa ya kuonyesha kuwa gurudumu la mbele limekaa sawa haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, yaani kama mita 600, wakawasha mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, uitwao otopailoti, kisha wote wakaishughulikia taa ile.

Bila wao kujua, otopailoti iliacha kushikilia kimo kile, na ndege ikaanza kushuka polepole. Kengele ya tahadhari ililia, lakini hakuna aliyeitikia. Ndege ikaanguka kwenye kinamasi na watu 101 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa gurudumu lilikuwa limekaa sawasawa. Kilichoharibika kilikuwa ni taa tu.

Usiku wa Douala

Jambo la aina hiyo limewafika pia jirani zetu. Tarehe 5 Mei 2007, baada ya saa sita usiku, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliruka kutoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi. Ilikuwa imecheleweshwa na mvua ya radi, na marubani walikuwa wakitafuta njia ya kupita pembeni ya mawingu mazito. Rubani mkuu alitamka kuwa otopailoti iwashwe. Mwenzake hakujibu, na mtambo haukuwaka. Kwa sekunde 55 hakuna aliyeiongoza ndege ile, nayo ikawa inalalia upande wa kulia kidogo kidogo.

Gizani, mwili wa binadamu hauhisi mgeuko wa taratibu namna ile. Ni saa za mbele ya rubani tu ndizo zinazosema kweli, na ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kuwa hazikuangaliwa. Tahadhari ilipolia, rubani alichanganyikiwa, na ndege ikazidi kulala. Watu wote 114 walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raaji'un.

Kwa nini hawakusikia?

Mama humwita mtoto aliyezama kwenye mchezo mara tatu, naye haitiki. Mtoto huyo si kiziwi. Sauti imefika sikioni, lakini akili ina shughuli nyingine. Rubani naye ni binadamu. Na tuelewe kuwa kinachomghafilisha si upuuzi peke yake. Mara nyingi ni kazi ya lazima, kama taa au mawingu. Kosa ni wote wawili kutazama kitu kimoja, pasiwe na wa kuiangalia ndege.

Kinga iliyowekwa

Mwaka 1974 ndege nyingine ya Eastern ilianguka karibu na Charlotte, Marekani, ikaua watu zaidi ya 70. Wakati wa kushuka, marubani walikuwa wakizungumza habari za siasa na magari ya mitumba. Mwaka 1981 Marekani ikaweka kanuni: ndege ikiwa inatembea uwanjani, inaruka, inatua, au iko chini ya futi 10,000, mazungumzo yasiyohusu kazi ni marufuku. Mashirika mengi duniani hufuata utaratibu huo. Aidha, marubani hugawana kazi: mmoja huongoza, wa pili hukagua na kusema akiona kosa, hata kama mwenzake ni mkubwa wake.

Hilo si geni kwetu. Imamu akikosea katika swala, maamuma hanyamazi kwa heshima. Husema "Subhanallah", na mwanamke hupiga kofi, hata kama imamu ni sheikh mkubwa. Kumkumbusha si kumvunjia adabu.

Nasi je?

Dereva wa bodaboda anayejibu simu Barabara ya Kilwa, na yule wa daladala anayehesabu nauli huku gari linakwenda, nao wamebeba amana ya roho za watu. Mwanafunzi uliyepakiwa nyuma, mwambie kwa adabu: "Kaka, simama kwanza upokee simu." Mzazi unayeendesha, mwanao akikukumbusha usimkaripie. Amefanya kazi ya rubani wa pili.

Wabillahi tawfiq.