Ndege Iliyoanguka Ndola na Ushahidi Uliopotea

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, wachoma mkaa kadhaa walikuwa macho wakilinda matanuri yao katika msitu ulio magharibi ya mji wa Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mchoma mkaa halali fofofo: tanuri likipata ufa, hewa huingia, na jasho la siku nyingi hugeuka majivu. Watu hao walisikia ndege kubwa ikipita chini kuliko kawaida. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba waliona ndege ya pili, iliyo ndogo, ikiwa karibu nayo, na kwamba mwanga wa ghafla ulitokea kabla ndege kubwa haijaanguka.

Ndege hiyo kubwa, ya aina ya DC-6B, ilimchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa safarini kuonana na Moise Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga na Kongo, ili wapatane kusimamisha mapigano baina ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga waliosaidiwa na mamluki wa Kizungu. Kwa kuchelea kushambuliwa, ndege haikushika njia ya mkato. Ilitoka Leopoldville ikaelekea mashariki hadi Ziwa Tanganyika, kisha ikageuka kusini ili kuizunguka Katanga. Muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, rubani aliwaarifu waongozaji wa ndege wa Ndola kwamba ameziona taa za kiwanja. Hakusikika tena. Watu 16 walikuwamo ndani. Aliyeokolewa hai ni mmoja tu, mlinzi Harold Julien, naye alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Je, ilikuwa ajali au mauaji? Zaidi ya miaka 60 imepita na swali hilo halijafungwa. Mwanafunzi wa sayansi atapata faida zaidi akiuliza swali jingine: vitu vilivyookotwa msituni vilikuwa na uwezo gani wa kusema, na vilinyamaza mahali gani?

Tuanze na vyombo vilivyotaka kusema wazi. Rubani wa usiku hujua kimo chake kwa chombo kiitwacho altimita, ambacho kwa hakika hakipimi kimo chochote. Hupima kanieneo ya hewa. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo kanieneo inavyopungua, na chombo hugeuza upungufu huo kuwa mita au futi. Lakini kanieneo hubadilika pia kwa hali ya hewa ya siku, kwa hiyo rubani lazima apewe kipimo cha mahali anapotua, kisha akirekebishe chombo chake. Akikosea, atadhani yuko juu kumbe miti iko chini ya tumbo la ndege. Altimita tatu zilizotolewa katika mabaki zilipelekwa Marekani kukaguliwa, zikaonekana kuwa nzima na kwamba zilirekebishwa sawasawa. Magurudumu yalikuwa yameshushwa na kukazwa mahali pake. Ndege ilikuwa imekata vilele vya miti kwa mteremko mdogo, si kwa kuporomoka kama jiwe.

Dalili hizo zote ni za ndege inayojiandaa kutua kwa utulivu, ila iko chini mno. Wako waliodhani kwamba marubani walichanganya ramani ya Ndola na ile ya Ndolo, kiwanja cha Leopoldville kilicho chini sana kuliko Ndola, ambayo imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Dhana hiyo inapendeza masikioni, lakini haikupata uthibitisho. Aidha, mteremko mdogo hauondoi uwezekano wa mashambulizi. Rubani anayefuatwa na ndege nyingine, au aliyepofushwa na mwanga wakati anatua, anaweza kushuka kidogo tu kupita kiasi, na miti ikakatwa kwa namna ile ile.

Kisha zikaja risasi. Katika miili ya baadhi ya walinzi zilikutwa risasi, na habari hiyo iliwatosha wengi kusema kwamba watu walipigwa bunduki. Maabara ilitoa jibu jingine. Ndani ya mtutu wa bunduki mna mifuo iliyopinda kama uzi wa parafujo, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kila risasi inayopita humo hutoka na alama za mifuo hiyo. Risasi za Ndola hazikuwa na alama. Walinzi walibeba risasi zao, na moto ulipowaka, baruti ilishika. Lakini risasi isiyo ndani ya mtutu haina kitu cha kuizuia gesi isitawanyike. Nguvu yake ni ndogo, na mara nyingi ganda jepesi ndilo hurushwa mbali kuliko risasi yenyewe. Ndiyo sababu baadhi ya wataalamu walitilia shaka kama risasi za namna hiyo zaweza kupenya mwili wa mtu. Ukosefu wa mifuo, hata hivyo, ni ushahidi mzito: risasi hizo hazikutoka katika bunduki yoyote. Kuhusu Hammarskjöld mwenyewe, madaktari waliosoma upya kumbukumbu za uchunguzi wa maiti miaka mingi baadaye hawakuona dalili kwamba alipigwa risasi.

Ulimi wa maabara uliishia hapo. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na moto wa petroli ya ndege uliigeuza sehemu kubwa ya kiwiliwili kuwa mabonge. Kama palikuwa na tundu lililotobolewa kutoka nje, lilizibwa na chuma kile kile kilichotobolewa. Mazungumzo ya rubani na waongozaji hayakurekodiwa katika mkanda; yaliandikwa baadaye kwa kukumbuka. Na ingawa ndege ilianguka umbali wa kilomita zipatazo 15 tu kutoka kiwanjani, ilitangazwa kuonekana saa tisa alasiri ya siku ya pili, yaani baada ya saa 15. Mwakilishi wa Uingereza aliyekuwapo kiwanjani, Lord Alport, alishikilia kwamba Katibu Mkuu ameamua kwenda mahali pengine, na kiwanja kikafungwa usiku ule ule. Muda wote huo Julien alikuwa amelala juani na majeraha ya moto.

Julien aliweza kusema kabla ya kufa. Alizungumzia mlipuko. Wachunguzi wa Rhodesia waliyahesabu maneno yake kuwa ni ya mgonjwa aliyeweweseka. Wachoma mkaa nao walisikilizwa kwa sikio moja. Tume ya Rhodesia, katika ripoti yake ya Februari 1962, iliwaona kuwa mashahidi wasioaminika, ikahukumu kwamba rubani alikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo haikukubali kufunga mlango: ilisema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha hujuma. Ni kweli kwamba shahidi wa usiku hukosea, na mwanga wa moto huweza kuonekana kabla ya kishindo kusikika hata kama kishindo ndicho kilichotangulia. Lakini neno la mtu hupimwa kwa kulilinganisha na neno la mwingine na vitu vilivyopo. Halipimwi kwa rangi ya msemaji. Watu waliokuwa karibu zaidi na tukio walikuwa Waafrika, chini ya serikali ya walowezi, na kazi ya kuwahoji kwa makini ilifanywa nusu karne baadaye, wengine wakiwa wazee na wengine wamekwisha kufa.

Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichoamsha upya suala hili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Jopo hilo liliupanga ushahidi kwa uzito wake: usio na thamani, hafifu, wa wastani na wenye nguvu. Hadithi nyingi zilizovuma kwa miaka mingi ziliangukia daraja la chini. Zilizosalia ziliongezeka nguvu, hasa ilipobainika kwamba Katanga ilikuwa na uwezo wa ndege za vita kuliko ilivyodhaniwa mwaka 1962. Mwaka 2017 Jaji Othman alitoa hoja kwamba yaelekea inawezekana ndege ilianguka kwa sababu ya shambulio au tishio kutoka nje. Hakusema zaidi ya hapo, kwa kuwa ushahidi haukumruhusu.

Ushahidi anaoutafuta haumo tena msituni. Afisa wa zamani wa jeshi la maji la Marekani, aliyefanya kazi katika kituo cha kunasa mawasiliano huko Cyprus, alieleza kwamba usiku ule alisikiliza sauti ya rubani akieleza jinsi alivyoishambulia ndege nyingine. Ikiwa sauti hiyo ilinaswa, huenda iko katika jalada fulani. Katika ripoti zake zilizofuata, hadi ile ya 2024, Jaji Othman amerudia kwamba nchi chache, zikiwamo Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, yaelekea bado zina habari muhimu ambazo hazijatolewa.