Mtoto wa Wodini na Udugu wa Kunyonya

Nyeri ni mji wa baridi. Uko kwenye kimo cha mita 1,750 hivi juu ya bahari, na mwezi wa Julai ukungu huteremka hata jua lisionekane mchana kutwa. Mtu wa pwani aliyehamia huko kwa kazi au ndoa huizoea kwa sweta na chai ya maziwa. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta chini ya ngozi, na nguvu ambazo angezitumia kukua huziteketeza katika kujitia joto.

Kwa hiyo mtoto kama huyo, azaliwe Nyeri, Karatina au Nanyuki, huhitaji joto na chakula kwa pamoja. Joto lililo bora ni la kifua cha mamake, ngozi kwa ngozi, naye amefungwa kwa kanga. Njia hii ilianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na Dk. Edgar Rey, kwa sababu mashine za kutia joto hazikutosha. Kuku ameijua siku zote.

Chakula ndicho chenye kazi. Mtoto ambaye hajatimiza wiki 34 tumboni aghalabu hawezi kupatanisha kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi. Basi mama hukamua kwa mkono, mara nane au zaidi kwa siku, usiku pia, na maziwa hupitishwa katika mpira mwembamba hadi tumboni mwa mtoto. Siku ya kwanza hata nusu ya kijiko cha chai ni karamu. Yale ya mwanzo, dang'a, mazito na ya manjano, wako wazee waliokuwa wakiyamwaga wakidhani ni machafu. Masikini! Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza. Maziwa ya kopo humwongezea mtoto njiti hatari ya ugonjwa wa kuoza matumbo.

Na mzazi naye ale. Nyanya wa Kikuyu humletea bintiye njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Sisi tuna uji wa pilipili manga. Kila upande huapa kwamba chake ndicho kinachoteremsha maziwa.

Sasa tuseme mama ni mgonjwa mahututi, maziwa hayatoki, na jirani wa kitanda cha pili anayo ya kufurika. Wauguzi wana hofu yao: virusi vya ukimwi hupita katika maziwa, hivyo hapewi mtu bila kupimwa. Mwislamu ana jambo la pili. Mtume (S.A.W.) alikataa kumwoa binti wa Hamza, kwa kuwa yeye na Hamza walinyonyeshwa na Thuwayba mmoja. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi mwambaoni, mlo tano kabla ya miaka miwili hufunga udugu, hata kama maziwa yamepita kwenye mpira na si kwenye chuchu.

Mwezi Machi 2019 hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya. Katika benki za namna hii watoaji hupimwa damu, na maziwa huchemshwa kwa nyuzi 62.5 muda wa nusu saa. Ulamaa wamehitilafiana. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilizikataa benki hizo mwaka 1985, kwa kuwa nasaba huchanganyika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu, akishikilia kwamba kunyonya ni kushika ziwa lenyewe.

Mimi si mufti. Naona tu kwamba wanaoogopa wanaogopa kutojua, na kutojua kuna dawa yake. Familia imwombe muuguzi jina la mama aliyetoa, kijiji chake na idadi ya milo, iandikwe katika daftari litakalokaa pamoja na kadi ya kliniki. Mama huyo si lazima awe Mwislamu ili udugu uthibiti. Mtoto wa Majengo ya Nyeri aweza kurejeshwa Lamu na bibi yake hali ana kaka na dada wa kunyonya kule Tetu, na siku ya posa kuna watakaouliza.