Rupia ya Mjerumani: bei iko usoni, si kwenye mizani

Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 917 ni fedha tupu. Piga hesabu, utapata gramu 10.69 za fedha. Ukiipeleka kwa sonara wa Ifakara, hesabu ni hiyohiyo: uzito mara bei ya siku, sonara anatoa faida yake, anakutajia kiasi. Hajakudhulumu. Yeye ananunua madini ya kuyeyusha, na mbele ya moto wake rupia iliyosagika mpaka masharubu ya Kaisari wa Ujerumani yamefutika haina tofauti na ile ambayo haijawahi kuguswa na jasho la kiganja.

Kwa mkusanyaji wa sarafu wa Berlin au London, hizo ni bidhaa mbili. Wafanyabiashara wa mchele wa bonde la Kilombero hawahitaji kuelezwa sana: mchele mzima na chenga vinajaza gunia lilelile, lakini hakuna anayeviuza bei moja. Ajabu ni kwamba bonde lenye macho makali kiasi hicho kwenye mchele bado linauza sarafu zake kwa gramu.

Sarafu zenyewe hazikufika huku kwa bahati. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, ilianza kutoa rupia mwaka 1890, ikafuata uzito na ubora wa rupia ya India ambayo pwani ilishaizoea. Kilichozisukuma bara ni kodi ya nyumba ya 1897, ambayo kijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Upande wa Ulanga na Mahenge watu waliingia porini kutafuta mpira, wakaugeuza rupia, na rupia zikaishia bomani. Boma la Mahenge ndilo lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905. Baada ya vita kuu ya kwanza Mwingereza akaleta shilingi yake, na rupia zilizokuwa zimefichwa ardhini au kufungwa kwenye vitambaa zikabaki bila kazi sokoni.

Hapo ndipo linapoanza kosa la kwanza la wauzaji, yaani kuchanganya simba wawili. Rupia za kampuni, za kuanzia 1890 hadi 1902, zina simba aliyesimama mbele ya mti wa jamii ya mitende. Shilingi ya Mwingereza ya kuanzia 1921 nayo ina simba, lakini nyuma yake kuna milima, na fedha iliyomo haizidi robo ya uzito. Kuanzia 1904, serikali ya koloni ilipochukua kazi ya kutoa sarafu, simba aliondoka kwenye rupia. Mahali pake pakaja jina DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi ndogo, A kwa zilizopigwa Berlin na J kwa zile za Hamburg. Nyingi kati ya hizo ni za kawaida, na zikiwa zimechakaa hazizidi sana bei ya madini. Kubwa ya rupia 2, iliyotolewa 1893 na 1894 peke yake, ni habari nyingine kabisa. Hiyo hata ikiwa imechoka ina mnunuzi, na ya 1894 ndiyo adimu zaidi.

Wakusanyaji hupima daraja kwa kipimo cha pointi 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazijatumika kabisa. Pesa kubwa iko kwenye ngazi hizo za mwisho: rupia ya 63 na ya 65 zinaweza kufanana machoni mwa mtu wa kawaida huku bei zake zikitofautiana sana. Mtathmini anatafuta nini? Anawasha taa moja tu, anaishika sarafu kwa ukingo, anaiinamisha taratibu. Sarafu ambayo haijatumika hutoa mistari ya mwanga inayozunguka uso wote kadiri unavyoigeuza. Kisha anakagua sehemu zilizoinuka: tai aliye juu ya kofia ya Kaisari, shavu, masharubu, na kwa upande wa pili, mwili wa simba. Mahali hapo mwanga ukikatika na rangi kugeuka ya kijivu, sarafu imeshapita mikononi. Wakati mwingine picha ni hafifu lakini mwanga unapita juu yake bila kukatika. Huo si uchakavu, mashine ya kupigia haikukandamiza vya kutosha, na mjuzi hatoi adhabu ileile.

Kinachoua bei ya sarafu za huku kuliko uchakavu ni kusafishwa. Mzee anafariki, mtungi unafunguliwa, rupia ni nyeusi, na kijana mwenye nia njema anazisugua kwa majivu na limau, au kwa stilwaya ya jikoni. Zinang'aa kweli. Lakini chini ya lenzi zina mikwaruzo myembamba maelfu inayokwenda upande mmoja, na mwanga ule wa kuzunguka hautarudi tena. Weusi wa zamani uliotanda sawasawa ni salfa iliyoungana na fedha. Wapo wanaoulipia ziada. Usifunge sarafu kwa mpira wa kufungia noti, kwa maana salfa ya mpira huacha mstari mweusi. Mifuko ya plastiki laini nayo huacha utando wa kijani. Tundu la mkufu au alama ya kulehemu kikuku huishusha sarafu karibu na bei ya sonara.

Bandia zipo. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo usoni na mshono kwenye ukingo. Kipimo rahisi cha madini yake ni cha maji: weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya dijitali, irudishe sifuri, tumbukiza rupia ikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Mizani isome karibu gramu 1.13. Ama kuhusu rupia “yenye nguvu” inayovuta punje za mchele, ambayo matapeli huitajia mamilioni, fedha haina usumaku. Punje zikisogea, tafuta chuma kwenye mchele na sumaku chini ya meza.

Nani anakula faida? Yule anayenunua kwa gramu na kuuza kwa uso. Kampuni za Marekani, PCGS na NGC, hupima daraja na kuifungia sarafu kwenye kisanduku cha plastiki chenye namba, lakini ada, posta na bima huifanya njia hiyo iwe na maana kwa sarafu adimu tu. Kwa zilizobaki, naona jawabu liko karibu. Madalali wa vito wa Mahenge, hasa tangu vito vikubwa vya spineli vilipopatikana Ipanko, karibu na Mahenge, mwaka 2007, wanatembea na lenzi, tochi na mizani ya gramu. Vifaa ni vilevile. Kinachokosekana ni orodha ya miaka na herufi.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kumbukumbu ya kale kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo rupia ya 1890 haiingii kwa umri wake. Reale ya Maria Theresa, sarafu nyingine ya fedha, inaleta utata: zote zimeandikwa 1780, ingawa ziliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja baadaye. Kuchimba mahali pa kale kunataka kibali hata kama unatafuta rupia tu. Na anayepeleka sarafu nje apate kwanza barua ya idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale, kabla hajalipia posta.