Farasi ana pasipoti, dereva je, ana leseni?

NIKO Uingereza, nchi ambayo farasi ana pasipoti yake. Msicheke jamani! Sheria ya huku inataka kila farasi awe na pasipoti, na akisafirishwa lazima isafiri naye. Kwetu ng'ombe anabanwa kwenye Fuso kutoka mnadani, mbuzi anafungwa juu ya keria ya basi, anafika mjini hoi bin taaban na hakuna anayeuliza. Huku mnyama anasafiri kama mheshimiwa: ana banda lake la magurudumu, nyasi kavu mbele ya pua, mpira chini ya kwato asiteleze.

Lakini leo simzungumzii farasi. Namzungumzia anayeshika usukani, maana kuna vijana wetu wanaopata vibarua kwenye mazizi ya huku, na siku ya siku tajiri anawarushia ufunguo: "Haya, wapeleke hao wawili kwenye mashindano." Hapo ndipo kasheshe linapoanza.

Tarehe inayogawa watu

Ukitaka kujua Mwingereza anaruhusiwa kuvuta nini, usimwulize umri wake. Mwulize alifaulu mtihani wa gari lini. Tarehe yenyewe ni Januari Mosi, 1997.

Waliofaulu kabla ya siku hiyo walikula bata. Kwa leseni ya gari dogo tu, wengi wao wanaruhusiwa kuendesha lori la hadi tani 7.5, na pia gari na tela ambavyo kwa pamoja havizidi kilo 8,250. Ndiyo maana utamkuta mama wa watu, nywele nyeupe pee, anakata kona na lori la farasi huku mjukuu wake mwenye misuli amekaa kiti cha abiria. Mjukuu hana ruhusa! Ila bibi naye akifika miaka 70 raha hiyo inakoma, mpaka apimwe afya na kuomba upya.

Waliofaulu kuanzia siku hiyo walibanwa. Leseni yao ilikuwa ya gari lisilozidi kilo 3,500, na tela zito la farasi lilidai mtihani wa pekee. Watu walihangaika hivyo hadi Desemba 16, 2021, mtihani huo ulipofutwa England, Scotland na Wales. Sababu? Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa madereva wa malori, serikali ikataka wasahihishaji wapate nafasi ya kuwapima hao. Wenye farasi wakachekelea. Sasa mwenye leseni ya kawaida ya gari anavuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine.

Ruhusa siyo ubavu

Hapo wengi wanajikwaa. Sheria kukuruhusu tela la kilo 3,500 haina maana gari lako linaliweza. Kila gari lina kibao chenye namba za uzito: gari lenyewe likijaa lisizidi kiasi gani, na gari na tela kwa pamoja visizidi kiasi gani. Ukipita hapo, umevunja sheria hata leseni yako iwe safi kama mchele wa Kyela.

Tupige hesabu. Farasi mmoja mkubwa ni kilo 500 hadi 600. Tela tupu la farasi wawili linakaribia tani moja. Ukipakia wote wawili umeshapita tani mbili, na bado tandiko, maji na nyasi. Kigari cha kwendea sokoni hakiwezi mzigo huo!

Wengine hukwepa tela wakanunua lori dogo la farasi la tani 3.5, kwa kuwa linaendeshwa kwa leseni ya kawaida. Zuri, lakini hesabu haina huruma. Chukua lori ambalo tupu ni kilo 2,500. Limebaki na kilo 1,000 tu. Farasi wawili wa kilo 550 ni 1,100. Umeshazidi, na dereva hajapanda! Wakaguzi wa barabarani wana mizani, na wakikukamata hawataki kusikia habari za mashindano.

Mpwa wangu na lori la tani 7.5

Mpwa wangu alikuja huku akiwa na leseni yake ya Tanzania, dereva mzuri, amepiga malori ya mchanga miaka kadhaa. Akapata kazi kwenye zizi moja la mashambani. Wiki ya tatu mwenye zizi akamwambia: "Si ulisema kwenu uliendesha malori? Kesho chukua hili." Lori la tani 7.5, farasi wanne ndani.

Akanipigia usiku. "Mjomba, nifanyeje? Nikikataa kazi inaota mbawa."

Nikamwambia, "Mwanangu, sikia. Leseni ya kwetu inakupa miezi 12 tangu ulipohamia hapa, tena kwa magari madogo tu, yasiyozidi kilo 3,500. Hilo lori halimo. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao zinabadilishwa huku bila mtihani, Kenya vilevile haimo."

"Lakini mjomba, najua kuendesha!"

"Najua unajua. Bima ndiyo haijui."

Hilo ndilo neno lenyewe. Kuendesha gari ambalo leseni yako hailigusi ni faini inayoweza kufika pauni 1,000 na pointi 3 hadi 6. Kwa kosa hilo bima nayo inaweza kukuruka. Bila bima ni pauni 300 na pointi 6 papo hapo, na ukifikishwa mahakamani faini haina kikomo, na unaweza kufungiwa kuendesha. Gari lenyewe polisi wanaweza kulichukua. Na tajiri aliyekuruhusu naye ana kesi yake. Kama kuna mtu ameumia, hapo ndugu yangu tumwachie Mungu.

Asubuhi kijana alikwenda kwa yule mama, kofia mkononi, akamweleza kwa adabu. Mama alinuna. Siku mbili hakupewa kazi, na sisi nyumbani tulikuwa tumeshaanza kuhesabu kodi ya chumba. Siku ya tatu akaitwa. Mama alikuwa amewauliza watu wake wa bima na jibu likamtisha. Kijana akarudi kazini, lakini kwenye kusafisha na kulisha, siyo kwenye usukani. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, naye alichagua mmoja.

Njia iliyonyooka

Sasa anafuata ngazi, na wewe unayekuja huku zikariri. Kwanza faulu mtihani wa gari dogo. Pili, ukiwa na miaka 18 au zaidi, daktari akupime na kujaza fomu, macho yakiwemo. Tatu, nadharia, na mtihani wa kutambua hatari kwenye video. Nne, vitendo, navyo vimegawanywa: kurudi nyuma kiwanjani, kisha barabarani. Ukifaulu, unaruhusiwa lori la hadi tani 7.5. Zaidi ya hapo kuna daraja jingine.

Anayesafirisha farasi wake mwenyewe kwa starehe anaishia hapo. Anayelipwa kwa kuendesha lori anahitaji pia cheti cha udereva wa kazi, na mafunzo ya saa 35 kila miaka mitano. Na anayebeba wanyama kibiashara kwa zaidi ya kilomita 65 lazima awe na cheti cha kujua kuwatunza safarini.

Ukishapata, kumbuka haya. Gari linalovuta tela mwisho wake ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za kasi, na 50 kwenye barabara za kawaida za njia moja kwenda, moja kurudi. Barabara ya kasi yenye njia tatu, ile ya kulia kabisa siyo yako. Binadamu hapandi ndani ya tela linalotembea. Farasi akiwa peke yake, msimamishe upande wa kulia, kwa sababu barabara huinamia kushoto. Na breki ni za mapema, taratibu: mzigo wako una miguu minne, na umesimama.

Farasi akiangukia pembeni kwenye kona, hakuna trafiki wa kumwomba msamaha. Kwa hiyo kabla hujapokea ufunguo wa mtu, toa leseni mfukoni uisome mbele na nyuma. Tajiri akinuna, mwache anune. Kununa kunaisha, pointi zinakaa.